Meli za Nordiki: ipi ulipie, ipi uiache

Mtu akiniuliza apande meli gani kutoka Stockholm kwenda Finland, namuuliza kwanza: unataka kulala au kutazama? Ukifuata bei ya tiketi peke yake utajuta.

Namba moja kwangu ni Stockholm–Turku, mji wa Finland, ya mchana. Mnang'oa nanga asubuhi, mnafika jioni, muda wa saa 11 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni visiwa: miamba mitupu, misonobari, kibanda cha sauna pembeni mwa maji, mtu amesimama gatini anapunga mkono. Tafuta Viking Glory ya 2022 au Viking Grace ya 2013. Mchana chumba si lazima, ila mwenye watoto wadogo achukue.

Ya pili, Stockholm–Helsinki ya usiku, saa 16 au 17. Hapa ndipo watu hupigwa. Silja Serenade na Silja Symphony zina mtaa mzima ndani, maduka na mikahawa, na vyumba vingine madirisha yake yanatazama mtaa huo, si bahari. Soma vizuri kabla ya kulipia "dirisha". Desemba usilipie kabisa: Stockholm jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, utanunua giza. Chumba hulipiwa kizima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wanne mnagawana na inakuwa rahisi mno. Vitanda vya juu hukunjuliwa kutoka ukutani, shuka zipo, choo na bafu humo humo.

Ijumaa omba chumba mbali na disko. Wengi hupanda kwa ajili ya pombe isiyo na ushuru, ndiyo maana meli hupitia Åland, visiwa vya Finland vilivyo nje ya eneo la kodi la Umoja wa Ulaya. Bufee nayo bei yake ina bia na divai ndani. Usiyekunywa unawalipia wenzako. Mimi hubeba chapati.

Copenhagen–Oslo naiweka ya tatu. Usiku ni bahari tu, lakini asubuhi panda sitahani mapema, Oslofjord, mkono wa bahari unaoingia hadi Oslo, haisubiri.

Helsingør–Helsingborg, kati ya Denmark na Sweden, ni dakika 20 tu, na meli zake mbili zinatumia betri. Wenyeji hukaa mezani wakila huku meli ikienda na kurudi. Wana hadi kitenzi chake, "tura".

Meli ya Norröna, kutoka Hirtshals huko Denmark hadi Tórshavn katika Visiwa vya Faroe na Seyðisfjörður huko Iceland, mwachie mwenye gari, muda na tumbo gumu. Hiyo ni Atlantiki. Tena Visiwa vya Faroe havimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kama unasafiria pasipoti ya Kenya au Tanzania, hakikisha viza yako imeandikwa kuwa inafaa Faroe pia, kabla hujatoa kadi ya benki.