Siku Tatu Chini ya Taa ya Samawati: Tathmini ya Kitengo cha Watoto Wachanga

Hospitali ninayoitathmini ni ya binafsi, ya kiwango cha kati, upande wa mashariki wa Nairobi. Sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko juu yake. Binti yangu alizaliwa hapo mwezi wa Julai, mimba ikiwa na wiki 36, na kufikia siku ya tatu macho yake yalikuwa yamegeuka manjano. Damu ilipopimwa, bilirubini, ile taka ya manjano ya damu ambayo ini huitoa mwilini, ilikuwa mikromoli 287 kwa lita, kiwango ambacho kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hakisubiri kesho.

Mama mkwe alikuwa ameshauri tumwoteshe jua la asubuhi dirishani, kama alivyofanyiwa mume wangu. (Majirani nao waliita ugonjwa huo homa ya manjano, ambayo ni maradhi mengine kabisa, yanayoenezwa na mbu.) Ushauri wa jua haukutoka hewani. Tiba ya mwanga yenyewe, ile ya kumlaza mtoto chini ya taa ili umanjano upungue, ilianzia juani, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, mnamo 1956, muuguzi mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje alipomwonyesha daktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imefifia manjano kila mahali isipokuwa pale palipofunikwa na pembe ya shuka. Hata hivyo, jua halina kipimo: huchoma ngozi, humpasha mtoto joto kupita kiasi, na katika Julai ya Nairobi huenda lisionekane kwa siku kadhaa huku mtoto aliyevuliwa nguo akipigwa na baridi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watoto wa Lagos ulionyesha kwamba jua linaweza kutibu, lakini lilikuwa jua lililochujwa kwa vitambaa maalumu vya plastiki, chini ya uangalizi wa wauguzi.

Daktari wa zamu alitueleza kwa subira namna taa inavyofanya kazi. Mwanga wa samawati hupenya ngozi na kuibadili bilirubini iwe katika umbo linaloweza kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini changa. Si eksirei, wala si miale ya urujuanimno, na macho hufunikwa ili yasiumizwe na ukali wa mwanga. Alitutahadharisha pia kwamba huenda mtoto akaharisha kidogo, akatokwa na vipele au akapungukiwa na maji mwilini, kwa hiyo nimnyonyeshe kila baada ya saa mbili au tatu, na nisimpe maji ya glukosi, kwa kuwa hayaiondoi bilirubini bali humshibisha mtoto asinyonye.

Lawama yangu kubwa inahusu taa yenyewe. Tulilazwa Jumamosi, taa ikawashwa, na kwa macho yangu kila kitu kiliwaka samawati ya kupendeza. Damu ilipopimwa tena saa sita baadaye, bilirubini ilikuwa imepanda. Kipima mwanga, kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi ambacho kingeonyesha kama taa ina nguvu ya kutosha, kilikuwa kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo hakuwa zamu hadi Jumatatu. Kilipotolewa, kilisoma 13, ilhali tiba kali inataka angalau mikrowati 30 kwa kila sentimita mraba kwa kila nanomita. Muuguzi mkuu hakutoa visingizio. Aliishusha taa karibu na kitanda kwa umbali unaoruhusiwa na mtengenezaji, akazungushia shuka nyeupe pembeni ili mwanga urudi kwa mtoto, akapima tena na kupata 34. Kufikia Jumanne asubuhi bilirubini ilikuwa 194. Taa ni ile ile na mtoto ni yule yule, lakini siku mbili za kwanza tulikuwa tukilipia rangi tu.

Kwa upande wa dawa sina la kuwalaumu. Kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto mwenye umanjano na dalili za maambukizi, na nilimsikia daktari akimweleza mama yake kwa nini atatumia penisilini na jentamaisini badala ya seftriaksoni aliyoizoea kwa watoto wakubwa: seftriaksoni huing'oa bilirubini kutoka kwenye protini inayoibeba damuni, na bilirubini iliyoachwa huru inaweza kuingia ubongoni. Hawakuwahi pia kukisia kiwango kwa kutazama ngozi, jambo lisiloaminika kwa watoto weusi, na lisilowezekana kabisa kwa mtoto ambaye tayari yuko chini ya taa.

Kiti cha mama ni cha plastiki na chai ni ya maji. Taa ilipozimwa, tuliagizwa turudi baada ya saa kumi na mbili hadi kumi na nane ili ithibitishwe kwamba bilirubini haijapanda upya, agizo zuri ambalo hospitali nyingine huliacha. Kipimo hicho kilitozwa kando bila kutajwa mapema, nasi tukatuma pesa kwa M-Pesa tukiwa mlangoni mwa maabara. Nikijaliwa mtoto mwingine nitarudi hapo hapo, ila nitaomba nionyeshwe kipima mwanga kabla taa haijawashwa, hasa ikiwa ni Jumamosi.