Uzoefu Wangu na Sapoti za Goti: Kila Ugonjwa na Kifaa Chake

Katika nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, zimo sapoti za goti za aina tatu, na hakuna hata moja ambayo mtu mwingine wa nyumba hii anaweza kuiazima ikamfaa. Yangu ni ya goti lililolika gegedu upande wa ndani, ya kaka yangu ni ya kano iliyochanika alipogongwa na pikipiki, na ya mpwa wangu, ambaye hucheza mpira wa wavu, ni ya maumivu yanayokaa chini kidogo ya pia ya goti. Nimezifua, nimezirekebisha mikanda, na nimeona jinsi kila moja ilivyofanya kazi kwenye mguu wa mwenyewe. Naandika kwa ajili ya yeyote anayesimama mbele ya kabati la duka la dawa, Mwembe Tayari au Barabara ya Digo, akaonyeshwa maboksi yenye picha zinazofanana na asijue achukue lipi.

Msimamo wangu ni kwamba sapoti haichaguliwi kwa unene wala kwa bei, bali kwa ugonjwa ulio ndani ya goti, na ugonjwa huo sharti ujulikane kwanza. Mimi nilipigwa picha ya eksirei nikiwa nimesimama, kwa sababu picha ya mtu aliyelala haionyeshi vyema namna uzito wa mwili unavyoibana nafasi iliyo kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ilionekana kwamba upande wa nje nafasi ipo ya kutosha, lakini upande wa ndani mifupa inakaribia kukutana. Hapa mtaani mtu mwenye hali kama yangu huambiwa kwamba mafuta ya goti yamekwisha, akapewa supu ya mifupa. Kilichopungua hasa ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na kwa watu wengi hupungua zaidi upande wa ndani kwa kuwa ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo tunapotembea.

Kwa goti la namna hii nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni soksi ya goti ya lastiki au ya neopreni (aina ya mpira), ile inayovutwa kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi ikakaa juu ya goti, ambayo madukani niliiona kwa bei ya chini ya shilingi 2,000. Soksi hiyo huleta joto, hubana kidogo, na humfanya mtu ahisi goti lake lilipo kila anapokanyaga, na hisia hiyo peke yake humwondolea hofu ya kutembea. Hata hivyo haihamishi uzito hata chembe. Ya pili ni sapoti ya kupunguza mzigo, yenye fremu ngumu, bawaba ya pembeni na mikanda inayopita mshazari juu na chini ya goti. Kazi yake ni kulisukuma goti kutoka sehemu tatu ili upande uliolika upumue na mzigo uhamie upande ulio mzima. Bei yake ilifika makumi ya maelfu ya shilingi, na haikupatikana katika duka la kawaida la dawa. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenipima na kuniagizia.

Niliichagua hii ya pili, na sijutii. Mahali nilipoiona faida yake waziwazi ni kwenye kivuko cha Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mrefu zaidi, na umati unaokusukuma nyuma haukupi nafasi ya kuchagua mwendo wako. Kushuka ndiko kunakolitesa goti kuliko kupanda, maana kwenye ngazi mzigo unaoliangukia goti hufika mara tatu ya uzito wa mwili na zaidi. Nikiwa na sapoti hiyo, ule mchomo wa upande wa ndani uliokuwa ukinipata kila ninapoweka mguu hupungua kiasi cha kuniwezesha kushuka bila kumshika mtu mkono. Haukuondoka kabisa, na yeyote atakayekuahidi kwamba utaondoka kabisa usimsikilize.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Joto la Mombasa lenye unyevu haliipendi fremu iliyofunikwa sponji. Kufikia adhuhuri ngozi iliyo chini ya mikanda huwa imelowa, na siku za kaskazi huwa ni lazima niivue, niipanguse na kuiacha ngozi ipigwe na upepo kabla ya kuivaa tena. Neopreni ina shida zaidi katika hali hii ya hewa, kwa sababu haipitishi hewa na baadhi ya watu huwashwa na kutoka vipele kutokana na kemikali zinazotumika kuitengenezea. Kama ngozi yako ni nyepesi kudhurika, au una kisukari, chagua kitambaa cha kusokotwa kinachopumua na uikague ngozi kila unapoivua. Kisha kuna suala la ibada, ambalo nimeona halisemwi na wauzaji. Kusujudu na fremu yenye bawaba ni shida, kwa kuwa chuma hukandamiza mkeka na mikanda huteleza goti linapokunjwa mpaka mwisho. Mimi huivua kabla ya kuswali, na siku goti likiuma sana huswali nikiwa nimekaa kwenye kiti. Chini ya buibui haionekani kabisa. Mwanamume anayevaa suruali ya kubana atalazimika kubadilisha mavazi.

Kuhusu sapoti kwa goti lililolika, hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Chuo cha Rheumatolojia cha Marekani, yaani cha madaktari wa magonjwa ya viungo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilizipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa ambao goti limewaathiri sana katika kutembea, uthabiti wa goti au maumivu, ilhali NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, mwaka 2022 ilisema zisitolewe kwa kawaida isipokuwa goti linayumba au linabeba mzigo vibaya, na mazoezi peke yake hayafai au hayafanyi kazi bila kifaa. Mimi naisoma miongozo hiyo miwili kama inayokutana kwenye jambo moja: mazoezi ndiyo tiba, na kifaa ni msaidizi. Nikikaa kwenye kiti nikanyoosha mguu mpaka msuli wa mbele wa paja ukakaza, nikaushikilia kidogo na kuushusha polepole, hilo ndilo zoezi lililonifaa kuliko ununuzi wowote. Uzito wa mwili nao una hesabu yake, kwa kuwa imepimwa kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti lenye ugonjwa huu takriban kilo nne za mzigo katika kila hatua. Na anayetumia bakora aishike mkono ulio upande wa goti zima, si upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya.

Goti la kaka yangu ni habari tofauti kabisa. Pikipiki ilimgonga kutoka upande wa nje, goti likapinda kuelekea ndani, na kano ya upande wa ndani ikachanika. Duka moja lilimuuzia soksi nene ya neopreni likimhakikishia kwamba unene ndio nguvu. Jambo hili liliniudhi na bado linaniudhi, kwa sababu soksi, iwe nene namna gani, haiwezi kuzuia goti lisipinde pembeni. Alipogeuka ghafla akiwa ameivaa, goti lilimtoka na akaanguka ngazini. Mtaalamu wa fiziotherapia alipoiona aliiweka kando na kumwambia, “Kaka, hii ni ya kupasha joto. Wewe unahitaji chuma pande zote mbili.” Alimpa sapoti yenye bawaba kulia na kushoto, ya aina ambayo niliiona ikiuzwa kati ya shilingi 4,000 na 8,000, inayoliruhusu goti kukunja na kunyooka lakini hailiruhusu kwenda upande. Kano ya upande wa ndani kwa kawaida hupona yenyewe ikilindwa, na kwake ilipona. Kano ya mbele ya msalaba, ile inayokatika kwa wachezaji kandanda wanapogeuka mguu ukiwa umeganda chini, si rahisi kupona namna hiyo, na aliyekatika kano hiyo asidhani bawaba za pembeni zitachukua nafasi yake; huyo ni wa daktari wa mifupa. Hali kadhalika goti linalokwama likakataa kunyooka, kwa sababu huenda kipande cha gegedu ya katikati kimeingia kati ya mifupa, na hakuna sapoti inayoweza kukitoa.

Mpwa wangu ndiye aliyetumia fedha kidogo kuliko sote. Maumivu yake yako kwenye ukano unaounganisha pia ya goti na mfupa wa muundi, na humjia anaporuka na kutua. Anavaa mkanda mwembamba tu, wenye mto mdogo ndani, unaofungwa kati ya pia ya goti na kile kinundu cha mfupa kilicho chini yake. Ukifungwa juu ya pia yenyewe haufanyi kazi, na ukifungwa chini mno unabana msuli wa mguu bila faida. Yeye huuvaa uwanjani tu, akauvua mchezo ukiisha, na amepunguza idadi ya kuruka huku akiimarisha misuli. Kwa wale ambao pia ya goti lao huchepuka, na mara nyingi huchepuka kuelekea nje, kuna soksi yenye tundu la mbele na kizuizi chenye umbo la hilali kinachokaa upande wa nje wa pia. Kizuizi kikikaa upande wa ndani kinalisaidia tatizo badala ya kulizuia, kwa hiyo hakikisha kwamba ya mguu wa kulia haivaliwi kushoto.

Kupima ni hatua ambayo wauzaji wengi huiruka wakatazama tu umbo la mtu. Chukua tepu ya fundi cherehani, uzungushe katikati ya pia ya goti, kisha juu kwenye paja na chini kwenye shavu la mguu, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi sentimita 15 kutoka katikati ya goti. Kipimo cha kati cha mtengenezaji mmoja huweza kuwa kikubwa cha mwingine, kwa hiyo soma jedwali la boksi lile lile unalonunua. Pima alasiri, wakati mguu umekwisha kuvimba kwa kazi za siku. Omba kutembea nayo dukani na kukaa nayo kwenye kiti: ikijikunja nyuma ya goti au ikateleza kabla hujafika mlangoni, nyumbani haitabadilika. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, ilegeze mara moja, hasa ukiwa umekaza mkanda upande wa nje chini ya goti, ambako mshipa wa fahamu unapita karibu sana na ngozi.

Zipo hali ambazo sitamshauri mtu yeyote anunue chochote kabla ya kuonwa hospitalini. Goti jekundu lenye moto pamoja na homa huenda lina usaha ndani. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa na joto, hasa upande mmoja, huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kulifunga ni hatari.

Baada ya kununua, matunzo ndiyo yanayoamua kifaa kitadumu muda gani. Mimi hufunga velkro zote kabla ya kufua ili zisishike nyuzi za kanga, hufua kwa mkono na sabuni isiyo kali, husuuza sana kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi, kisha huanika kivulini, kwani jua letu huikausha lastiki ikakatika. Bawaba huipangusa kwa kitambaa kikavu, maana tukikaa karibu na bahari namna hii kutu haichelewi. Soksi ya lastiki ikishalegea hadi kuteleza yenyewe, kazi yake imekwisha. Ile yenye fremu, ulizia mikanda na masponji ya akiba kabla ya kulipa, kwa sababu hivyo ndivyo huchakaa kwanza, na kwangu fremu bado ni nzima ilhali mikanda nimekwisha kuibadilisha.