Fimbo ya futi 7 na nusu niliyouziwa ya kuvulia besi Naivasha

Bado nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo. Miezi kadhaa iliyopita niliingia duka moja la vifaa vya uvuvi Nairobi na pesa niliyoidunduliza kwa muda mrefu. Nilitaka fimbo ya kurushia nzi bandia, ya kuvulia samaki aitwaye besi wa mdomo mpana. Nilikuwa tayari nimeshika ya futi 9. Kijana wa duka akaitoa mkononi mwangu, ndiyo, akaitoa, akairudisha ukutani. "Hiyo ndefu huiwezi, mama. Mkono wako mdogo. Chukua hii ya futi 7 na nusu." Wateja wawili wakacheka. Nikalipa. Linaloniuma hadi leo ni kwamba nililipa.

Hakuniuliza kama huwa navua nimesimama au nimekaa. Alitazama mkono wangu tu.

Naivasha tunavua tumekaa kwenye boti, kwa sababu ya viboko. Mwenye boti ninayemkodi hataki kabisa kuona mtu amesimama. "Kaa, mama, kaa," ndiyo salamu yake. Ukishakaa, kiwiko kiko karibu na maji, na fimbo fupi haiupandishi mshipi juu vya kutosha unapourusha nyuma. Siku ya kwanza niliusikia mgongoni: chwaa! Umepiga maji. Nikarusha tena, popa, yaani chambo bandia kinachoelea, ikanasa kwenye mafunjo. Na popa ya besi si nzi mdogo wa trauti. Ni kizibo chenye manyoya, kinakamata upepo, na Naivasha upepo wa mchana unaujua mwenyewe ukishafika.

Halafu besi akaja. Maji yalifura pembeni mwa mafunjo, nikauona mdomo wake ukifunguka, mweupe ndani, popa ikapotea. Nikanyanyua fimbo. Mshipi ulikuwa umelegea juu ya maji, na ile fimbo fupi iliishia juu kabla haijaukaza. Akaitema. Najua kuna watakaosema ningeuvuta kwa mkono wa kushoto. Niliuvuta! Haukutosha.

Besi hawa asili yao ni Marekani, na ziwani humu waliingizwa mwaka 1929. Karibu miaka mia watu wanawavua Naivasha, na muuza fimbo hajui kwamba wavuvi wake hukaa?

Wiki chache baadaye mvuvi mwenzangu aliniazima yake ya futi 9, ya mshipi namba 8 (namba ni ya uzito wa mshipi). Nilikaa pale pale, mkono wangu ni ule ule "mdogo", na mshipi ukapita juu ya kichwa bila kugusa chochote. Nilirusha mpaka jua likawa kali, na bega halikuniuma.

Lakini lazima niseme kweli. Jioni moja niliijaribu ile fupi nikiwa nimesimama gatini, matawi ya migunga yameinama juu yangu. Ya futi 9 ingenasa huko juu. Hii fupi iliitia popa kwenye pengo la mafunjo lisilozidi upana wa beseni, mara tatu mfululizo. Fimbo yenyewe ni nzuri, tena nzuri sana kwa mtu wa nchi kavu na vichaka. Siku hiyo nilikuwa karibu kulisamehe duka, nikasema nitawapa nyota 3.

Nikarudi kuomba tubadilishane, niongeze pesa nichukue ndefu. Nilimweleza kwa upole kuhusu boti, viboko na kukaa. Hata hakuniangalia. "Si nilikwambia, mama, shida ni mkono."

Nyota 1. Fimbo siiuzi, itabaki ya gatini. Ya futi 9 nitaidunduliza upya, na nitainunua kwa yule atakayeniuliza kwanza nakaa wapi nikivua.