Viatu, soksi na fimbo vya kukodi: siku yetu ndani ya The Narrows, Zion

Mwezi huu watu watatu wameniuliza kama kuna haja ya kukodi vifaa ukienda The Narrows, korongo la mtoni katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, Marekani, au raba za kawaida zinatosha. Kodi. Nasema hivyo huku nikiwa bado na kinyongo kidogo na duka tulilokodi.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, mdogo wake wa kiume, na rafiki yetu wa Bukavu ninayefanya naye kazi Salt Lake City. Ni kama kilomita 500 kwa gari hadi Springdale, mji mdogo ulio mlangoni mwa hifadhi, kwa hiyo tulifika jioni tukaenda dukani moja kwa moja. Ilikuwa mwisho wa Septemba.

Kwa asiyepajua: Mto Virgin umekata mwamba wa mchanga mwekundu mpaka kuta zimepanda mita 300 hivi, na kuna sehemu korongo lina upana wa mita 6 tu. Njia ni mto wenyewe. Ukianzia chini, kituo cha basi cha Temple of Sinawava, unaruhusiwa kupanda hadi Big Spring, kilomita 8 kwenda, bila kibali. Hakuna kamba wala kushuka maporomoko. Makorongo ya namna hiyo yapo Zion, lakini yanataka kibali na ujuzi.

Tulilipa dola 30 na ushei kila mmoja kwa viatu, soksi nene za neopreni (mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi) na fimbo. Viatu ndivyo vilivyonishangaza. Pua yake ni ngumu, soli ni mpira unaong'ang'ania jiwe, na ubavuni kuna matundu: ukiinua mguu unaona maji yanachuruzika yote, hubebi ndoo mguuni. Mawe ya mle ni ya mviringo, makubwa kama mpira wa miguu, yanateleza, na maji yakiwa si maangavu huyaoni. Tulimpita kijana mmoja mwenye raba za mjini, soli ya mguu wa kulia imeachia yote na bado hajafika nusu ya safari. Soksi nazo haziachi miguu mikavu, usidanganyike, ila yale maji yanayoingia yanapata joto la mwili. Nje jua la jangwani linachoma; chini kule jua linachungulia kidogo tu na maji yanauma mifupa.

Fimbo sasa. Ni mti mnene, unanifika begani. Unaitanguliza mbele, unagonga, unasikia kama ni jiwe au shimo, ndipo unahamisha mguu. Shemeji yangu aliikataa dukani, akasema anataka mikono yake yote kwa ajili ya simu na picha. Saa mbili baadaye, kwenye kona moja yenye mkondo mkali, alikanyaga pasipo na kitu. Maji yakamfika kifuani, yakamsukuma hatua tatu nne. "Shemeji, lete hiyo fimbo!" Nikamnyooshea, akaishika kwa mikono miwili, simu ikabaki inaning'inia shingoni kwa kamba yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yake ilikuwa imeegemea ukuta dukani Springdale. Kuanzia hapo tulikuwa tunapokezana.

Kinyongo changu ni hiki. Muuzaji alimpimia mke wangu viatu akiwa miguu mitupu, na hakumwambia soksi zile zinaongeza unene. Mke wangu alirudi kucha mbili za vidole gumba zimevia damu. Tulikodi pia mkoba usioingiza maji, hakuna aliyetuonyesha namna ya kuufunga. Kumbe mdomo unakunjwa mara tatu ndipo unabana kifungo. Sisi tulikunja mara moja. Sweta na mikate vikalowa chepechepe. Hela ya mkoba walirudisha bila ubishi, nawashukuru. Kucha hazirudishwi.

Jambo moja walilifanya vizuri kuliko yote: kabla ya kupokea hela, walituonyesha utabiri wa hali ya hewa na kiwango cha mto. Hifadhi hufunga The Narrows mto ukizidi futi za ujazo 150 kwa sekunde. Siku yetu haukufika hata nusu. Usilichukulie hili kirahisi. Septemba 2015 watu saba walikufa katika korongo la Keyhole, humohumo Zion, baada ya mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha mbali juu kule, wewe kichwani mwako anga ni bluu. Asubuhi pitia kwa askari wa hifadhi uwaulize tena, na mkiwa ndani mkiona maji yamegeuka tope au yanaleta vijiti, tafuteni pa juu papo hapo. Maji ya kunywa beba ya kutosha. Ya mto yana bakteria wanaotoa sumu, na kuchuja hakusaidii.

Baada ya njia panda ya Orderville, korongo la pembeni linaloungana na hili, kuta zinasogeleana, wanapaita Wall Street. Hakuna ukingo wa kukanyaga, ni maji kutoka ukuta hadi ukuta, na mwanga unashuka kutoka juu ukiwa na rangi ya chungwa. Hata shemeji alinyamaza. Rafiki yetu wa Bukavu akaanza kuimba taratibu wimbo wa kwaya ya kwao, sauti ya pili, na kuta zikamrudishia. Watu waliokuwa mbele yetu walisimama, fimbo zao zimechomekwa majini, mpaka alipomaliza.

Mwakani tunaomba kibali cha kuanzia juu, Chamberlain's Ranch, tulale njiani usiku mmoja. Tutakodi dukani hapohapo. Mke wangu atapima viatu akiwa amevaa soksi, na shemeji ameshasema anataka fimbo mbili.