Skrini moja ya kompyuta au mbili mezani?

Mjadala huu hauishi. Mwenye skrini mbili humwona mwenzake anajitesa; mwenye moja humwona yule amefungua soko mezani.

Kwenye umakini ndiko kwenye kazi. Skrini mbili zinashinda pale unapohitaji kuona vitu viwili kwa pamoja: mhasibu anayelinganisha risiti na jedwali, mfasiri mwenye matini kushoto na tafsiri kulia. Shida huanza skrini ya pili ikikosa kazi. Yangu iligeuka kibaraza cha barua pepe na gumzo. Kila alama nyekundu ikiwaka pembeni, jicho linakimbilia huko, na sentensi niliyokuwa nayo kichwani inayeyuka. Skrini moja haikupi mwanya huo, ila unailipia kwa kuhamahama kati ya madirisha. Nafuu ipo: tangu mfumo wa Windows 10 wa mwaka 2015 unaweza kufungua madawati pepe kadhaa, yaani nafasi tofauti za kazi ndani ya skrini ileile, ukahama kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Windows na mshale.

Gharama? Moja, bila ubishi. Matunzo vilevile: nyaya chache, vumbi kidogo, na shingo haina pa kugeukageukia. Ukiweka mbili, ile kuu ikae mbele yako kabisa, isiwe zote zinakutazama kwa mshazari.

Anayeandika au kusoma kwa saa nyingi, mimi ningempa moja. Anayenakili na kulinganisha, mbili, mradi ya pili aizime kazi hiyo ikiisha.