Sentimita 86 zilizotutia ugomvi: uzoefu wangu wa kupimiwa shamba kwa ndege nyuki

Shamba la familia liko Bagamoyo, mikorosho mitupu, refu na jembamba kama utepe. Kabla ya kugawana tulitaka ramani moja ya kuaminika, nikaita kampuni ndogo inayopima kwa ndege nyuki. Jina silitaji.

Kazi ya shambani iliniridhisha. Vijana wawili na ndege nyuki yao, Phantom 4 RTK, walimaliza kwa siku moja eneo lililomtoa jasho mpimaji wa kwanza siku nne, panga mkononi. Ikiruka mita 100 juu, nukta moja ya picha ni kama sentimita 2.7 ardhini. Kituo cha GPS walichosimamisha chini huisahihisha mahali ilipo ikiwa hewani. Kosa la mlalo, yaani la pembeni si la juu na chini, ni sentimita moja, linaongezeka milimita moja kwa kila kilomita ya kuwa mbali na kituo. Ile misalaba ya chokaa waliyochora nilidhani mapambo, kumbe ndiyo ya kuhakikia picha.

Balaa ni ramani ilipofika. Ubavu mrefu: mita 2,149.26. Karatasi ya zamani: 2,150.12. Kaka akasema tumeibiwa. Nikapiga simu, nikajibiwa, “Bosi, GPS haidanganyi.” Basi, simu ikakatwa.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mpimaji mstaafu. “Hamjaibiwa, mwanangu. Dunia ina mbinuko, karatasi ni bapa. Ramani hii imelazwa kwenye gridi ya UTM, mfumo wa kuilaza dunia kwenye ramani bapa, kanda kwa kanda. Kwenye mstari wa kati wa kanda yetu, longitudo 39, kilomita moja ya ardhini huandikwa mita 999.6, na Bagamoyo iko jirani kabisa na mstari huo.” Nikagawanya 2,149.26 kwa 0.9996. Ikaja 2,150.12. Vipimo vyote viwili ni sahihi! Kampuni ingeandika sentensi moja tu chini ya ramani, tusingenuniana wiki mbili.

Jambo jingine: ndege haioni bikoni, yaani alama ya mpaka, iliyofunikwa na matawi ya mkorosho. Mbili zilipimwa kwa miguu, tukatozwa zaidi. Ulizeni mapema. Na kama mnataka hati, hakikisheni kazi inasainiwa na mpimaji mwenye leseni. Picha nzuri peke yake haitoshi.

Upimaji nawapa nyota nne. Maelezo kwa mteja, moja.

Kaka bado hajashawishika. Jumamosi kanunua futikamba ya mita 100.