Uzoefu wangu Ruaha: simba wa Mto Mwagusi, na ushauri kwa wanaokodi gari Iringa

Watu wengi ninaowafahamu hapa Dar wakisema wanakwenda kuona simba, wanamaanisha Serengeti au Ngorongoro. Sisi tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwezi Septemba, mimi, mume wangu na mdogo wake. Ninaandika kwa yeyote anayejiuliza kama njia ile ndefu ya kupitia Iringa inalipa. Inalipa sana, hasa kwa mtu anayependa simba na chui, ila umpate mwongozaji anayekubali kutulia sehemu moja.

Sababu ni maji. Zamani Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, kwa kuwa maji mengi yanaishia kwenye mashamba ya mpunga huko juu, Bonde la Usangu. Hifadhi ilipopanuliwa mwaka 2008 ikaingiza sehemu ya Usangu na kuvuka kilomita za mraba 20,000, shabaha mojawapo ilikuwa kuyaokoa maji hayo. Kinachobaki Septemba na Oktoba ni madimbwi, pamoja na mito ya mchanga kama Mwagusi, ambayo ukiitazama juu ni mikavu kabisa lakini chini ina maji. Tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka wayafikie. Wakishakunywa na kuondoka, mashimo yao wanayarithi nyani, swala pala, pundamilia na ndege. Simba wanajua haya yote. Hawana haja ya kuzurura porini kutafuta chakula, wanajilaza kivulini ukingoni na kungoja kiwafuate.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana aliyekulia vijiji vya Idodi, jirani na hifadhi. Asubuhi na mapema alitufikisha Mwagusi, akaegesha chini ya mkwaju na kuzima gari. Tukakaa. Shemeji yangu uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, tuzunguke basi. Hapa mbona hamna kitu?"

Mwongozaji akamjibu: "Kaka, hebu watazame wale nyani. Wanaangalia wapi?"

Nyani walikuwa juu ya miti ng'ambo ya pili, wote wamegeukia upande mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kunywa. Nikachukua darubini. Kwenye nyasi zilizokauka likatikisika sikio, kisha la pili pembeni yake, na nilipozoea rangi ile nikawaona majike wanne na watoto wao wakubwa, wamelala kimya umbali ambao hata jiwe ningerusha lingewafikia. Muda wote ule walikuwapo.

Baadaye vumbi likatimka upande wa juu: nyati, kundi kubwa, wanashuka mtoni. Simba wa Ruaha wanajulikana kwa kuangusha nyati, na hata twiga, na wengi wao huishi katika makundi makubwa. Majike wawili waliinuka, wakazunguka kwa nyuma wakitambaa tumbo chini, mmoja akabaki amejibanza palepale. Nilikuwa nimeshika mkono wa mume wangu bila kujua. Upepo ukageuka. Nyati wa mbele akainua pua, akakoroma, na kwa muda mfupi sana kundi zima likajipanga bega kwa bega, pembe mbele, ndama katikati. Hapo simba wakasimama wazi. Nilishangaa walivyoonekana wembamba mbele ya ukuta ule. Walitazamana nao, wakarudi kivulini mmoja mmoja, na nyati wakanywa maji yao. Mwongozaji alituambia mawindo mengi huishia hivyo, na kwamba wanaokuja na haraka wanafika damu ikiwa imeshamwagika au hawaoni kabisa.

Asubuhi yote ile lilipita gari moja tu. Niliwahi kumwona duma Seronera, kule Serengeti, akijaribu kuwinda huku magari yakimfuata kulia na kushoto kwa sababu redio zilikuwa zimetangaza alipo. Aliacha, akajilaza, akiwa hajala. Duma anawinda mchana, anategemea macho na nafasi ya kukimbia, kwa hiyo sisi watazamaji tunaweza kabisa kumlaza njaa. Kwa ajili ya hilo peke yake mimi nitairudia Ruaha. Lakini niseme ukweli kwa wenye hamu ya duma: wapo, ila ni adimu, na sisi hatukumwona. Chui tulimwona jioni kwenye mkuyu, mkia unaning'inia, kisha akashuka upande wa pili wa shina akapotea.

Kitu kingine ambacho sikukitarajia ni mazungumzo ya njiani. Nilimuuliza kijana yule kama nyumbani kwao wanawachukia simba. Akasema wazee wamepoteza ng'ombe wengi na zamani simba waliuawa kwa mikuki na sumu. Kisha akatueleza mradi wa utafiti ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford. Wanavijiji wenyewe hufunga kamera kwenye ardhi yao, na kila mnyama wa porini anayejipiga picha anakiingizia kijiji pointi, simba na wengine wenye kuleta hasara wakiwa na pointi nyingi zaidi. Pointi zinaamua mgao wa misaada ya shule, zahanati na dawa za mifugo. Kwangu huo ni uhifadhi wenye heshima, maana anayelala jirani na simba ndiye anayelipwa kwanza.

Kuhusu gharama: kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni shilingi 5,000 kabla ya VAT, mgeni wa nje dola 30, na ni kwa saa 24. Getini hawapokei fedha taslimu, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, kwa hiyo weka salio mapema. Tulilala mabanda ya Tanapa, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe ndani ya hifadhi. Ni ya kawaida, safi, na usiku tembo wanapita karibu kiasi cha kusikia wanavyovunja matawi. Usitoke. Nguo nyeusi na za buluu ziache nyumbani, mbung'o wanazifuata na wanauma hata juu ya jinzi.

Kilichoniudhi ni gari. Kampuni tuliyokodi, siitaji, ilituahidi gari la paa la kufunguka. Lililokuja lilikuwa la kawaida, madirisha ya nyuma yanafunguka nusu, na wakati wa tukio la nyati mimi niliyekaa nyuma nilikuwa naona kupitia bega la shemeji. Tulidai tupunguziwe, wakakataa. Kwa hiyo, kabla hamjatuma malipo, ombeni picha ya gari lenyewe likiwa na namba zake za usajili na paa likiwa wazi, na muandikishane. Mkifika Iringa kalikagueni jioni ya kabla ya safari ili muwe na muda wa kutafuta jingine. Na mwongozaji muulizeni mapema: tukikuta sehemu yenye maji, uko tayari tukae saa mbili au tatu bila kuwasha gari? Akisita, tafuteni mwingine.